Thamani ya Hazina na Vifaa vya Kichawi katika Michezo ya Mezani ya Kuvaa Uhusika: Mfano wa Dungeons & Dragons, 1974–2024

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna thamani ya hazina na vifaa vya kichawi inavyojengwa katika kanuni za mchezo wa Dungeons & Dragons tangu ulipotolewa mwaka 1974 hadi kitabu cha kiongozi wa mchezo cha mwaka 2024. Kwa kutumia mbinu ya uchambuzi wa matini, kanuni za malipo, bei na mauzo zimesomwa na kulinganishwa kwa hesabu. Makala yanabainisha maana tatu za thamani: thamani kama kipimo cha mafanikio, thamani kama bajeti ya nguvu na thamani kama uadimu. Hoja kuu ni kwamba migogoro mingi ya mezani kuhusu mgawanyo wa mali, bei zisizoeleweka na dhahabu isiyo na kazi hutokea pale maana moja inapotumiwa kujibu swali la maana nyingine. Mwishoni, makala yanapendekeza utaratibu ambao kiongozi wa mchezo anaweza kuufuata.

1.0 Utangulizi

Katika mchezo wa mezani wa kuvaa uhusika, kikundi kidogo cha wachezaji hukaa pamoja na kusimulia safari ya wahusika wao. Mmoja miongoni mwao huwa kiongozi wa mchezo. Yeye huueleza ulimwengu, huwaigiza wenyeji na maadui, na huamua matokeo kwa msaada wa kanuni na dadu. Katika tanzu ya bunilizi za kifantasia, safari hiyo aghalabu huwapeleka wahusika kwenye mahandaki na mapango yenye majoka, mitego na hazina.

Hazina hiyo si pambo la hadithi tu. Mtambaji wa ngano anaweza kusema kwamba shujaa alipata mali isiyohesabika, na hadhira ikaridhika. Katika mchezo, mali hiyo lazima ihesabike, kwa kuwa mchezaji atauliza mara moja: ni vipande vingapi, vina uzito gani, na vinaweza kununua nini? Majibu ya maswali hayo huathiri mwenendo wa masimulizi yote yanayofuata. Iwapo dhahabu ndiyo inayowapandisha wahusika ngazi, wachezaji watatafuta namna ya kuichukua bila kupigana. Iwapo ni maadui waliouawa wanaohesabiwa, watapigana. Kwa maana hiyo, kanuni ya malipo ni mtunzi wa siri wa hadithi.

Utafiti wa fasihi ya Kiswahili umejishughulisha kwa muda mrefu na uhusiano wa fanani na hadhira. Mchezo wa aina hii ni eneo ambamo hadhira yenyewe ni fanani, na ambamo uchumi wa ndani ya kazi hauwezi kutenganishwa na ploti. Zaidi ya hayo, baadhi ya vifaa vinavyochambuliwa hapa si vigeni kwa msomaji wa Kiswahili: zulia linaloruka na chupa yenye jini, ambavyo vimo katika orodha za mchezo huu, vina asili moja na hadithi za Alfu Lela Ulela. Jambo lililo jipya ni kwamba zulia hilo limewekewa bei.

2.0 Istilahi na Mkabala

Katika makala haya, "alama za uzoefu" ni pointi zinazojumlishwa hadi mhusika apande ngazi, na "alama za uhai" ni kipimo cha majeraha anayoweza kuyastahimili. "Kifaa cha kichawi" ni kitu chochote chenye nguvu isiyo ya kawaida, kama vile upanga, pete, kifimbo au kinywaji. Nyongeza ya silaha huandikwa +1, +2 na kuendelea, ikimaanisha idadi inayoongezwa kwenye matokeo ya dadu. "Kipande cha dhahabu" ni sarafu ya msingi inayotumiwa kupimia bei.

Mkabala unaoongoza uchambuzi unatokana na tofauti ya kale katika taaluma ya uchumi kati ya thamani ya matumizi na thamani ya mabadilishano. Katika kitabu chake cha mwaka 1776, Adam Smith alionesha kwamba maji yana manufaa makubwa lakini huuzwa kwa bei ndogo, ilhali almasi ina manufaa madogo na bei kubwa. Katika mchezo, pengo hilo huongezeka kwa sababu bei haitokani na soko halisi. Hakuna wauzaji wala wanunuzi halisi wanaoshindana. Bei imeandikwa na mbunifu wa kanuni, akiwa na lengo fulani. Hivyo basi, swali la msingi si iwapo bei ni sahihi, bali bei hiyo iliandikwa ili ifanye kazi gani.

3.0 Thamani kama Kipimo cha Mafanikio

Dungeons & Dragons ulitungwa na Gary Gygax na Dave Arneson, na kuchapishwa mwaka 1974 na kampuni ya TSR ya Lake Geneva, Wisconsin, nchini Marekani. Toleo lake lililopanuliwa lilitolewa kwa vitabu vitatu: kitabu cha viumbe mwaka 1977, cha wachezaji mwaka 1978 na cha kiongozi wa mchezo mwaka 1979. Katika mfumo huo, kipande kimoja cha dhahabu kilichotolewa salama kutoka katika mahandaki kilihesabiwa kuwa alama moja ya uzoefu. Uwiano huo ulipunguzwa pale ambapo walinzi wa hazina walikuwa dhaifu mno kuliko waliowashinda.

Ukubwa wa malipo hayo unaonekana kwa kulinganisha. Katika toleo la 1979, orki mwenye alama 5 za uhai alileta alama 15 za uzoefu. Mpiganaji wa ngazi ya kwanza alihitaji alama 2,001 ili afike ngazi ya pili. Kama angetegemea orki pekee, angelazimika kuwaua 134. Kinyume chake, kasha moja lenye vipande 2,001 vya dhahabu lingemfikisha huko bila upanga kuchomolewa. Ujanja, ujasusi na majadiliano vilikuwa na faida kuliko vita, na hilo lilitokana moja kwa moja na kanuni ya malipo.

Uzito wa sarafu nao ulikuwa sehemu ya thamani. Katika toleo hilo, sarafu 10 zilikuwa na uzito wa ratili moja, hivyo vipande 2,000 vilikuwa na ratili 200, yaani takriban kilo 91. Mali hiyo ilihitaji nyumbu, wapagazi au safari kadhaa, na kila safari ilikuwa fursa ya kushambuliwa. Katika matoleo ya tangu mwaka 2000, sarafu 50 ndizo zinazofikisha ratili moja. Mzigo uleule una ratili 40, na mtu mwenye nguvu anaweza kuubeba mgongoni. Badiliko hilo dogo liliondoa tatizo zima la usafirishaji ambalo hapo awali lilikuwa sehemu ya mchezo.

Vifaa vya kichawi vilipewa tarakimu mbili: alama za uzoefu kwa atakayekitunza, na bei kwa atakayekiuza. Upanga wa +1 ulikuwa na alama 400 kwa mtunzaji na bei ya vipande 2,000 kwa muuzaji, na fedha ya mauzo nayo ilihesabiwa kuwa alama za uzoefu. Hata fedha hiyo ingegawanywa sawasawa kwa watu wanne, kila mmoja angepata 500, yaani zaidi ya alama 400 ambazo mtunzaji angepata peke yake. Kwa hiyo kanuni iliwauliza wachezaji swali zito: je, wawe na nguvu zaidi leo kwa kuutunza upanga, au wapande ngazi mapema kwa kuuuza? Tarakimu hizo mbili zilikiri kwamba matumizi na mabadilishano ni mambo mawili.

Mfumo huu ulikuwa na njia ya kuiondoa dhahabu mikononi mwa wachezaji. Mhusika aliyetimiza alama alitakiwa kulipia mafunzo: vipande 1,500 kwa kila ngazi aliyonayo, kwa kila wiki, kwa muda wa wiki 1 hadi 4 kulingana na ubora wa uchezaji wake. Aidha, alitozwa gharama za maisha zisizopungua vipande 100 kwa kila ngazi kwa mwezi. Hapa ndipo upungufu unapojitokeza. Mwizi alihitaji alama 1,251 tu ili apande ngazi ya pili. Ikiwa alama zote hizo zilitokana na dhahabu, alikuwa na vipande 1,251, ilhali mafunzo ya bei nafuu kabisa yaligharimu 1,500. Alikuwa amestahili kupanda, lakini hakuwa na uwezo wa kulipa. Kipande kilekile kilitakiwa kiwe kipimo cha mafanikio na pia kiwe fedha ya matumizi, na kazi hizo mbili hazikulingana.

4.0 Thamani kama Bajeti ya Nguvu

Toleo la pili la mwaka 1989 lilifanya malipo ya uzoefu kwa dhahabu kuwa hiari ya kiongozi wa mchezo. Mwaka 1997 kampuni ya Wizards of the Coast iliinunua TSR, na toleo la tatu likatoka mwaka 2000, kisha likarekebishwa mwaka 2003. Katika toleo hilo dhahabu haikuleta tena uzoefu. Badala yake ilipewa kazi nyingine, nayo ni kupima nguvu ya mhusika.

4.1 Jedwali la mali na kanuni za bei

Toleo la 2003 lina jedwali linaloonesha mali anayotarajiwa kuwa nayo mhusika katika kila ngazi: vipande 900 katika ngazi ya 2, vipande 9,000 katika ngazi ya 5, vipande 49,000 katika ngazi ya 10 na vipande 760,000 katika ngazi ya 20. Tarakimu hizi hazielezi utajiri kwa maana ya kawaida. Ni bajeti: mbunifu anachukulia kwamba mali hiyo imegeuzwa kuwa vifaa, na maadui wa ngazi husika wamepimwa kwa kuzingatia vifaa hivyo.

Ili bajeti iwe na maana, bei lazima ziwiane na nguvu. Kwa silaha, nyongeza huzidishwa kwa nyongeza yenyewe, kisha kwa 2,000. Silaha ya +1 hugharimu 2,000, ya +2 hugharimu 8,000, ya +3 hugharimu 18,000 na ya +5 hugharimu 50,000, mbali na bei ya silaha yenyewe. Utengenezaji hugharimu nusu ya bei, pamoja na alama za uzoefu zilizo sawa na sehemu moja ya 25 ya bei hiyo. Silaha ya +1 humtoza fundi vipande 1,000 na alama 80. Hivyo uhusiano wa mwaka 1979 ulipinduliwa: hapo awali dhahabu ilizaa uzoefu, sasa uzoefu na dhahabu kwa pamoja vilizaa kifaa.

Mantiki ya kuzidisha nyongeza kwa nyongeza ni kuzuia mrundikano. Mhusika wa ngazi ya 10 hawezi kununua silaha ya +5, kwa kuwa bei yake inazidi mali yake yote. Hata hivyo, kanuni hiyo ilikuwa na matokeo ambayo wachezaji wengi waliyalalamikia. Kwa kuwa nyongeza za namba zilikuwa na faida ya uhakika katika kila pambano, mchezaji mwenye busara aliuza vifaa vya ajabu kwa nusu ya bei na kununua silaha, deraya, joho na pete za namba. Kifaa chenye historia na uwezo wa kipekee kiligeuka kuwa fedha ya kununulia +1 nyingine.

4.2 Tatizo la kifimbo cha kuponya

Udhaifu wa kina zaidi hujitokeza katika vifaa vinavyokwisha. Katika toleo la 2003, bei ya kifimbo hupatikana kwa kuzidisha ngazi ya tendo la kichawi, ngazi ya mtendaji na 750. Bei ya kinywaji hupatikana kwa njia hiyohiyo, lakini kwa kutumia 50. Kifimbo chenye tendo la kuponya la ngazi ya kwanza hugharimu vipande 750 na hutumika mara 50. Kila mara huponya wastani wa alama 5.5 za uhai, hivyo kwa jumla ni alama 275. Gharama ni takriban vipande 2.7 kwa kila alama. Kinywaji chenye tendo hilohilo hugharimu vipande 50, sawa na takriban 9.1 kwa kila alama.

Kifimbo cha tendo la kuponya la ngazi ya tatu, lenye mtendaji wa ngazi ya tano, hugharimu 11,250. Kila mara huponya wastani wa alama 18.5, hivyo jumla ni 925, na gharama ni takriban vipande 12.2 kwa kila alama. Kwa kipimo hiki, kifaa kinachohesabiwa kuwa bora ni ghali kwa zaidi ya mara nne.

Je, kanuni imekosea? Hapana, ila inajibu swali jingine. Inapima nguvu ya tendo moja katikati ya pambano, wakati ambapo kila zamu ni ya thamani na alama 18.5 kwa mkupuo zinaweza kuokoa maisha. Wachezaji, hata hivyo, huponyana zaidi baada ya pambano, mahali salama, ambapo muda hauna gharama. Huko kinachohesabiwa ni jumla, wala si kasi. Kifimbo cha bei ndogo kilifuta umuhimu wa majeraha kati ya pambano moja na jingine, na kwa hiyo kikabadili aina ya hadithi inayoweza kusimuliwa.

4.3 Bei iliyofungwa na ngazi

Toleo la nne la mwaka 2008 lilikamilisha mwelekeo huu. Kila kifaa kilipewa ngazi kati ya 1 na 30, na bei ikategemea ngazi hiyo peke yake: vipande 360 kwa ngazi ya 1, vipande 1,800 kwa ngazi ya 6, vipande 9,000 kwa ngazi ya 11 na vipande 45,000 kwa ngazi ya 16. Kila baada ya ngazi tano bei iliongezeka mara tano. Bei ya kuuzia ilikuwa sehemu moja ya tano tu, na viongozi wa mchezo walishauriwa kuwaomba wachezaji orodha ya vifaa wanavyovitamani. Uwiano ulidhibitiwa vizuri, lakini ugunduzi ulipungua: hazina iliyoagizwa na mpokeaji wake haina mshangao mwingi inapofunguliwa.

5.0 Thamani kama Uadimu

Toleo la tano la mwaka 2014 lilijitenga na mfumo wa bajeti. Vifaa viligawanywa katika madaraja ya uadimu, na kila daraja likapewa masafa ya bei: vya kawaida vipande 50 hadi 100, visivyo vya kawaida 101 hadi 500, adimu 501 hadi 5,000, adimu sana 5,001 hadi 50,000, na vya kihekaya zaidi ya 50,000. Kitabu kinaeleza kwamba vifaa vingi havipatikani sokoni, isipokuwa kiongozi wa mchezo aamue vinginevyo. Udhibiti wa nguvu ulihamishiwa kwenye kanuni ya kufungamana: mhusika hawezi kufungamana na zaidi ya vifaa vitatu kwa wakati mmoja.

Uadimu unaeleza ni mara ngapi kifaa kinapatikana katika ulimwengu wa hadithi. Hauelezi kwa uhakika kina manufaa gani. Mfano dhahiri ni ule wa kuruka. Katika toleo hilo, ufagio wa kuruka umo katika daraja la visivyo vya kawaida, hauhitaji kufungamana na hautumiki ukaisha. Kinywaji cha kuruka, ambacho humwezesha mnywaji kuruka kwa muda wa saa moja kisha kikaisha, kimo katika daraja la adimu sana. Tukifuata jedwali kama lilivyo, mchezaji angelipa angalau vipande 5,001 kwa saa moja ya kuruka, au vipande visivyozidi 500 kwa ufagio wa kudumu. Kiongozi anayesoma daraja la uadimu kana kwamba ni bei ya nguvu atakuwa amefungua mlango wa kukwepa kuta, mito na mitego yote ya safari.

Kitabu cha mwaka 2024 kimebadilisha masafa hayo kuwa bei moja kwa kila daraja: 100, 400, 4,000, 40,000 na 200,000, na kwa jumla vifaa vinavyokwisha huuzwa kwa nusu. Hatua hiyo imerahisisha hesabu, lakini haijaondoa tatizo la msingi, kwa sababu daraja bado ndilo linalozaa bei.

6.0 Dhahabu Nyingi katika Soko Dogo

Iwapo vifaa haviuzwi, dhahabu inafanya kazi gani? Toleo la 2014 linakadiria kwamba kikundi kitapata marundo 18 ya hazina ya daraja la pili, yaani yale yanayolindwa na maadui wa changamoto ya 5 hadi 10. Kwa wastani wa dadu, sarafu za rundo moja la aina hiyo zina thamani ya vipande 3,857, bila kuhesabu vito na kazi za sanaa. Marundo 18 ni vipande 69,426, na kwa kikundi cha watu wanne kila mmoja hupata takriban 17,356. Deraya nzito kuliko zote hugharimu 1,500. Maisha ya kitajiri hugharimu vipande 4 kwa siku, hivyo fungu hilo lingemtunza mtu kwa karibu miaka 12. Kibarua asiye na ujuzi katika ulimwengu huohuo hulipwa vipande 2 vya fedha kwa siku; kinywaji kimoja cha kuponya cha vipande 50 vya dhahabu ni ujira wake wa siku 250.

Historia inatoa kielelezo cha kile kinachopaswa kutokea mali ya kiasi hicho inapoingia mahali pamoja. Mwaka 1324 Mansa Musa, mtawala wa Mali, alipita Kairo akielekea Makka kuhiji. Dhahabu aliyoigawa na kuitumia huko ilishusha thamani ya dhahabu katika mji huo, na mwandishi al-Umari, aliyefika baadaye, aliripoti kwamba miaka takriban 12 ilikuwa imepita na bei ilikuwa bado haijarejea. Ikiwa Kairo, mojawapo ya miji mikubwa ya zama zake, ilitikiswa, kijiji kinachotembelewa na wasaka hazina kila mwezi hakiwezi kubaki kama kilivyokuwa.

Wabunifu walilitambua jambo hili. Kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 kilitetea bei zake za juu kwa kuzifananisha na za miji ya Alaska wakati wa mbio za kutafuta dhahabu. Toleo la 2003 lilichukua njia nyingine: kila makazi yaliwekewa kikomo cha bei ya kitu kinachoweza kupatikana humo, kuanzia vipande 200 kijijini, 3,000 katika mji mkubwa wa kawaida, 15,000 katika jiji dogo, hadi 100,000 katika jiji kuu. Upanga mrefu wa +1, wenye bei ya 2,315, haupatikani kijijini, na ule wa +2, wenye bei ya 8,315, unahitaji jiji. Kanuni hii inastahili kuzingatiwa zaidi kuliko inavyozingatiwa, kwa kuwa inageuza bei kuwa jambo la kijiografia: ili kununua au kuuza, lazima safari ifanyike, na safari ni hadithi.

7.0 Mjadala: Kushughulikia Thamani Mezani

Kutokana na uchambuzi huu, hatua nne zinapendekezwa.

Kwanza, kiongozi wa mchezo aamue mapema ni maana ipi ya thamani inayotawala mezani pake, na awaambie wachezaji. Anayetaka hadithi ya wasaka mali, afungamanishe dhahabu na uzoefu. Anayetaka mapambano yaliyopimwa, atumie bajeti. Anayetaka maajabu, atumie uadimu na afunge soko. Kuchanganya maana hizo bila tangazo ndiko kunakowafanya wachezaji wahisi kwamba kanuni zimebadilishwa njiani.

Pili, bei ya kifaa ipimwe kwa matumizi kabla ya jedwali kufuatwa. Maswali manne yanatosha. Je, kifaa kinaongeza namba, au kinafungua jambo ambalo awali halikuwezekana? Je, kinakwisha au ni cha kudumu? Je, kinamfaa mtu mmoja au kikundi kizima? Je, faida yake inategemea dharura, au inaweza kutumika kwa utulivu? Ufagio wa kuruka unafungua jambo jipya na ni wa kudumu, hivyo unastahili bei ya juu kuliko daraja lake. Kifimbo cha kuponya kinawafaa wote na hutumika kwa utulivu, hivyo bei iliyokokotolewa kwa kuzingatia dharura haikitoshi.

Tatu, dhahabu ipewe kazi. Mafunzo, ujenzi wa ngome, mishahara ya wafuasi, utafiti na misaada kwa jamii zilizoathirika ni matumizi yanayorudisha mali katika masimulizi. Mfano wa mwizi wa mwaka 1979 unatukumbusha kwamba gharama hizo zinapaswa kulinganishwa na mapato, zisije zikamzuia mhusika aliyestahili.

Nne, kikundi kikubaliane juu ya mgawanyo kabla hazina haijapatikana. Hili ndilo eneo lenye uwezekano mkubwa wa kuvunja urafiki. Tuchukulie kwamba watu wanne, kwa kanuni za 2003, wamepata vipande 12,000 na silaha ya +2 yenye bei ya 8,000, na mpiganaji anaitaka silaha hiyo. Ikihesabiwa kwa bei ya kununulia, jumla ni 20,000 na fungu la kila mmoja ni 5,000. Mpiganaji amezidisha, hivyo anawadai wenzake samahani na kuwalipa 3,000 kutoka mfukoni. Ikihesabiwa kwa bei ya kuuzia, ambayo ni 4,000, jumla ni 16,000 na fungu ni 4,000. Mpiganaji anachukua silaha, na wenzake watatu wanagawana vipande 12,000.

Njia ya pili ina uhalali zaidi. Kama silaha hiyo ingeuzwa, kila mmoja angepata 4,000 vilevile, hivyo hakuna anayepunjwa mpiganaji anapoichukua. Njia ya kwanza inamtoza kwa ajili ya fedha ambayo wenzake wasingeipata kwa njia yoyote. Ni kweli kwamba mpiganaji anapata ziada, lakini ziada hiyo inatumika mbele ya safu, ikiwakinga wale waliogawana dhahabu. Hata hivyo, ikiwa mchezaji mmoja ndiye anayechukua vifaa kila mara, ziada hurundikana upande mmoja na wengine hubaki watazamaji. Daftari la pamoja linaloonesha nani amechukua nini hutatua tatizo hilo kabla halijawa ugomvi. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mezani, kinachoweza kupotea bila habari ni imani ya wachezaji.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba katika kipindi cha miaka 50, mchezo wa Dungeons & Dragons umeitumia sarafu moja ya dhahabu kwa kazi tatu zisizofanana. Mwaka 1979 ilipima mafanikio, mwaka 2003 ilipima nguvu, na tangu mwaka 2014 inaashiria uadimu. Kila mfumo ulitatua tatizo la uliotangulia na ukazaa la kwake: mwizi asiyeweza kulipia mafunzo, kifimbo kinachofuta majeraha, na ufagio wa bei nafuu kuliko saa moja ya kuruka. Mifano hii mitatu haitokani na uzembe wa wabunifu. Inatokana na ukweli kwamba tarakimu moja haiwezi kueleza kwa wakati mmoja kitu kinafaa nini, kinapatikana wapi na kimepatikana kwa taabu gani.

Kwa watafiti wa masimulizi, matokeo haya yanaelekeza kwamba majedwali ya kanuni yasomwe kama sehemu ya matini, kwa kuwa yanaamua ni matendo yapi ya wahusika yatakayokuwa na maana. Kwa kiongozi wa mchezo, yanaelekeza jambo jepesi kulisema na gumu kulitekeleza: kabla ya kutaja bei ya kifaa, ajiulize kwanza bei hiyo inapima nini.